Wote Wanapumua Vizuri

Kikohozi kilimjia Baba Kidosho katika dakika ya nne, watu arobaini wakiwa wamefumba macho na bwalo zima la kiwanda cha magodoro limenyamaza kama darasa lililotishwa. Alijaribu kukimeza. Alikaza midomo, akabana pua, mabega yakaanza kutikisika, na mwishowe kikamponyoka: kikavu, kirefu, cha kukwaruza, kama mtu anayeburuta kiti cha chuma kwenye saruji.

"Tukisikia sauti tusiifukuze," alisema Mwalimu kwa upole. "Tuitambue tu, tuiache ipite."

Sauti ile haikupita. Ilipokatika ilirudi na nyingine nyuma yake. Mtu mmoja akacheka chini kwa chini, wa pili akadakia. Mwalimu alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mwenye adabu isiyo ya kuigiza. Aliinuka kwenye mto wake, akamwendea mzee yule, akainama sikioni kwake. Maneno aliyosema yalisikika mpaka mbele kabisa, kwenye kiti cha kiongozi wa kikundi, na aliyekalia kiti hicho alikuwa mke wa mkohozi.

"Samahani sana, baba yangu. Labda ungepumzika nje kidogo, wenzako wapate utulivu."

Baba Kidosho akasimama. Akaokota kofia yake iliyojaa chembe za sponji, akapita katikati ya safu akiwa ameinama kidogo, kama mtu anayepita mbele ya wakubwa. Alipofika mlangoni aligeuka kumtazama mkewe. Mkewe akafumba macho.

Alifumba kwa kuwa ndivyo kiongozi anavyotakiwa kufanya. Angalau hivyo ndivyo alivyojieleza siku ile.

Kiwandani alijulikana kwa jina la Cherehani, na hakulipata bure. Alishona mifuko ya magodoro kwa kasi kuliko wote, na mdomo wake ulikwenda sambamba na sindano. Feni kubwa ya kufyonza vumbi ilipoungua katika chumba cha kusagia, mwaka uliotangulia, ni yeye aliyezima mashine yake, akapanda juu ya meza ya kukatia na kuuliza kama wenye kiwanda wangekubali watoto wao walishwe sponji. Siku hiyo watu wote waliacha kazi. Ofisi ikaomba ipewe wiki mbili. Wiki mbili zikaisha. Feni haikuja, akaja Mwalimu na mafunzo ya utulivu.

"Wametuletea mtu wa kutufundisha kupumua," Cherehani aliwatangazia wenzake. "Jamani, kumbe miaka yote hii tulikuwa tunabahatisha!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mbavu. Lakini mwanamke yule alikuwa na jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Alikuwa na mkono mwepesi. Binti yake wa pekee, Kidosho, mwenye miaka tisa, alikuwa anakula kandambili kwa kikombe kilichovunjika, kwa sare iliyochafuka, kwa kuchelewa kuitika. Na kila akimpiga, Cherehani alijichukia, na kila akijichukia, kesho yake alipiga zaidi.

Katika kipindi cha tatu Mwalimu aliwaambia wautazame mwili wao hasira inapoingia, kama mtu anavyomtazama mgeni akivuka kizingiti. Jioni ile Kidosho aliangusha chupa ya chai. Kandambili ikapaa. Ikiwa huko juu, Cherehani akauona mkono wake mwenyewe: ulivyokaza, ulivyo moto. Akamwona na mtoto, amekwisha kufumba macho na kuinua bega, anasubiri. Akaushusha mkono. Akaketi chini kwenye chai iliyomwagika na vigae vya chupa, akalia, na mtoto, ambaye hakujua la kufanya, akaanza kumfuta miguu kwa tambara.

Tangu hapo mkono haukuinuka tena katika nyumba ile. Alipomsimulia Mwalimu, yule binti alimshika mikono yote miwili, macho yakimlengalenga.

"Hivi ndivyo jamii inavyobadilika, mama," alisema. "Mtu mmoja, nyumba moja. Tukitulia ndani, na nje kutatulia."

Cherehani aliamini, na kwa nini asiamini? Alikuwa ameona kwa macho yake. Ofisi nayo ilimwona. Akafanywa kiongozi wa kikundi, akapewa beji ya kubandika kifuani na daftari la mahudhurio, na kila Ijumaa alijaza fomu ya ukurasa mmoja iliyopelekwa utawala. Swali la mwisho la fomu liliuliza kama washiriki wanapumua vizuri. Naye angeuliza kwa sauti, watu wakiwa tayari wamesimama kuwahi mapumziko: "Jamani, tunapumua vizuri?" Nao wangejibu kwa pamoja kama watoto wa shule, "Ndiyooo!" Naye angeandika: *Wote wanapumua vizuri.*

Habari ya feni hakuiacha. Alikwenda kuiulizia mara kwa mara. Ila sasa alibisha hodi, alingoja zamu yake, alisema kwa upole, akajibiwa kwa upole, na akarudi na ahadi.

*

Siku aliyotolewa bwaloni, Baba Kidosho alitembea kutoka kazini hadi nyumbani akipumzika mara nne. Mkewe alihesabu bila kutaka. Alipumzika kwenye duka la vipuri, kwenye kituo cha maji, kwenye ukuta wa shule, na mwisho kwenye ngazi za nyumba yao wenyewe, ngazi sita tu.

"Mwalimu hakuwa na nia mbaya," Cherehani alisema.

"Najua."

"Angeweza kuliweka vizuri zaidi."

"Aliniita baba yangu," alisema mumewe, akajaribu kutabasamu. "Ni nadra mtu kufukuzwa kwa heshima hivyo."

Wifi yake Cherehani, dada mkubwa wa Baba Kidosho, aliyekuwa akiishi nao tangu afiwe na mume, alikuwa mlangoni na ufagio. Huyu hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

"Kafukuzwa wapi tena?"

"Hakufukuzwa, wifi. Alitoka kupata hewa."

"Hewa! Huyu kaka yangu hewa anaisikia kwenye redio tu. Nawe na hiyo beji yako, usiku mzima mwenzio anapasua kifua, asubuhi unakwenda kuwafundisha watu kupumua. Si uanzie hapa?"

Zamani Cherehani angempa majibu ya kumfanya aufunge mlango wiki nzima. Sasa alivuta pumzi, akaihisi ikiingia, akaiachia. "Umechoka, wifi. Nipe ufagio nikusaidie."

Wifi akampa ufagio. "Unajua," alisema, "zamani ulipokuwa unatukana, angalau nilijua umenisikia."

Wiki ile ile Baba Kidosho alianguka chumba cha kusagia. Hakuzimia, magoti tu yalimkataa, akakaa chini kati ya magunia ya sponji akiwa ameachama kama samaki. Wenzake wakamtoa nje wakamweka kivulini. Cherehani aliitwa, akaomba ruhusa, akampeleka hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aliyeonekana kulala kidogo na kuona mengi. Aliitazama picha ya kifua, akaitazama tena.

"Kazi gani, mzee?"

"Nasaga sponji, daktari. Vile vipande vinavyobaki kwenye magodoro. Tunavisaga vya kujazia mito."

"Miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja."

"Mnajikinga na nini usoni?"

"Leso," alisema. Kisha akaongeza, kana kwamba anakitetea kiwanda, "Mtu anakuja na yake."

Daktari akaandika. Alipomaliza aliwaambia bila kuzunguka kwamba mapafu yale yamekakamaa, kama kitambaa kilicholoweshwa gundi kikakauka, na kitambaa cha namna hiyo hakirudi kuwa laini. Dawa zipo za kupunguza tabu, na ipo mashine ya kumsaidia kupumua nyumbani. Mashine hiyo watu wa hali yao hawawezi kuinunua, lakini mfuko wa wafanyakazi walioumia kazini huitoa. Kinachotakiwa ni barua ya mwajiri kuthibitisha kwamba mtu huyu alifanya kazi kwenye vumbi na kwamba tatizo lilijulikana.

"Barua tu?" aliuliza Cherehani.

"Barua tu."

Alifurahi, Mungu amsamehe. Alitoka pale akiwaza kwamba kuna watu wanaoogopa kuingia ofisini, lakini yeye ofisi inamjua.

*

Afisa Utumishi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Faili kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona mikono mitupu, alimpokea kwa tabasamu. "Ooh, mama yetu wa utulivu! Ingia, ingia." Lakini kiti hakumpa. Cherehani alisimama mbele ya meza na picha ya kifua cha mumewe mkononi, akaeleza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti, kama alivyojifunza.

Bwana Faili alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta droo.

"Mama, sisi kama kiwanda tumesikitika sana. Baba Kidosho ni mtu wetu. Tatizo ni hilo neno hapo, *lilijulikana*. Unataka niandike kwamba tulijua watu wanaumwa kifua tukanyamaza. Mimi siwezi kuandika uongo."

"Si uongo. Feni imekufa mwaka mzima na zaidi. Tuligoma hapa, wewe mwenyewe ulikuwepo."

"Hiyo ilikuwa kabla. Tukachukua hatua, tukawaletea mafunzo. Na tangu mafunzo yaanze tumekuwa tukifuatilia afya za watu kila wiki." Akafungua faili, akaanza kupindua kurasa, moja baada ya nyingine, bila haraka. "Ijumaa hii: *Wote wanapumua vizuri.* Ijumaa hii: *Wote wanapumua vizuri.* Hii nayo. Hii nayo. Hapa jina la Baba Kidosho lipo kwenye mahudhurio, na chini, *Wote wanapumua vizuri.* Huu mwandiko ni wa nani, mama?"

Cherehani aliutazama mwandiko wake.

"Mimi nakuuliza tu. Ni mwandiko mzuri."

"Lile lilikuwa swali la mazoezi," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Tulikuwa tunaulizwa kama zoezi limekwenda vizuri."

"Hapa halikuandikwa zoezi. Limeandikwa *kupumua*." Akaifunga faili, akaweka kiganja juu yake kama mtu anayempapasa mtoto aliyelala. "Sasa mfuko wakituuliza, tutawaonyesha hizi. Mfanyakazi kazungukwa na wenzake, kiongozi wa kikundi ni mkewe, analala naye kitanda kimoja, na wiki baada ya wiki anaandika mumewe anapumua vizuri. Nani atamwamini daktari aliyemwona mara moja?"

Akamsindikiza mpaka mlangoni. Akamwambia asiache mazoezi, hasa kipindi hiki.

*

Mwalimu alikuwa uani, akipakia mito yake kwenye buti la gari dogo. Ilikuwa mito ya kiwanda hicho hicho, imejazwa sponji iliyosagwa. Cherehani alimweleza yote bila kupumzika. Binti yule aliacha kupakia, akasikiliza.

"Sikujua wanazitumia hivyo," alisema. "Naapa, mama. Fomu walinipa wao, wakasema ni za kupima maendeleo."

"Basi andika. Andika kwamba swali lilihusu zoezi. Mstari mmoja na sahihi yako."

Mwalimu akaushika mto mmoja, akaukumbatia.

"Mkataba wangu unasema taarifa zote ni mali ya kiwanda. Nikiandika, hapa sitarudi. Na viwanda vingine viwili wamenichukua kwa sifa za hiki."

"Wewe ndiye uliyesema tukitulia ndani, na nje kutatulia."

"Na ninaamini. Wewe mwenyewe uliniambia habari za mtoto wako..."

"Mtoto wangu simpigi tena, na kwa hilo nitakuombea mpaka nife," alisema Cherehani. "Lakini na huku nje kumetulia kweli, mwanangu. Hebu sikiliza. Nani mwingine anauliza habari za feni?"

Mwalimu alilia, machozi ya kweli, pale pale uani mbele ya mlinzi. Cherehani akajikuta anambembeleza, anampigapiga mgongoni, anamwambia si kosa lako. Barua haikuandikwa. Alipokuwa akitembea kurudi ndani, alitambua kwamba alikwenda kuomba msaada na ameishia kuutoa.

Usingizi wa siku zile ulikuwa wa kuokoteza. Baba Kidosho alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na mkewe alimsikiliza. Hakuwa amemwambia habari za fomu. Alimwambia tu kwamba ofisi "wanaliangalia". Naye akasema, "Usiwasukume sana, mama. Watu wakubwa ukiwasukuma wanakaza."

*

Ijumaa iliyofuata Mwalimu alituma ujumbe kwamba anaumwa, kiongozi aendeshe kipindi. Cherehani aliketi mbele ya watu thelathini na tisa, akawatazama mmoja mmoja wakikaa. Vijana wa kukata, wasichana wa kushona, watu wa kusagia walio weupe nyusi kwa vumbi, na katikati yao mwanamke mzee wa kupanga magunia waliyemwita Shangazi, mjane, analea wajukuu watatu.

"Fumbeni macho," alisema. Wakafumba. "Vuteni pumzi."

Sauti ya pumzi zile aliisikia kwa mara ya kwanza. Mwaka mzima alikuwa akisikiliza yake tu. Kulikuwa na filimbi ndani yake, kulikuwa na mikwaruzo, kulikuwa na mtu aliyevuta nusu akakatika.

"Msifumbue," alisema. "Leo nauliza swali moja, na hakuna atakayemwona mwenzake. Nataka ukweli niupeleke mahali unapotakiwa. Ambaye kifua kinambana, anayekohoa usiku, anayepanda ngazi akasimama, ainue mkono."

Ukainuka mkono mmoja, wa Shangazi. Kisha wa pili. Halafu ikainuka mingine, polepole, kama watu wanaojaribu maji kwa vidole, hata msichana wa miaka kumi na minane aliyeajiriwa juzi. Cherehani akahesabu ishirini na sita. Kifua chake kilijaa kitu ambacho alikuwa amekisahau. Ni kile kilichompandisha juu ya meza siku ile. Akafungua daftari, akashika kalamu.

Hapo ndipo alipoinua macho na kumwona Bwana Faili. Alikuwa amesimama mlango wa nyuma, ule wa jikoni, simu ameinyanyua usawa wa uso. Akapiga picha upande wa kulia. Akasogea hatua mbili, akapiga upande wa kushoto. Hakuonekana amekasirika. Alimwinamishia Cherehani kichwa, kama mtu anayeshukuru, akatoka.

"Shusheni mikono," alisema Cherehani. Akafunga daftari. "Shusheni haraka."

Watu wakafumbua macho, wakamtazama, wasielewe.

Barua zilitoka Jumatatu. Hazikuwa ishirini na sita, kwa kuwa kiwanda kingesimama. Zilikuwa tisa, za watu wa kusagia na wa magunia, ambao kazi yao hujifunzwa kwa siku moja. Ziliandikwa kwa lugha ya huruma. *Kwa kuwa umeeleza kwa hiari yako kwamba una matatizo ya kifua, na kwa kuwa afya ya mfanyakazi ndiyo kipaumbele chetu, kiwanda hakiwezi kuendelea kukuweka katika mazingira yanayoweza kukudhuru.* Ya kumi ilikuwa ya Baba Kidosho. Cherehani mwenyewe hakupewa. Mkono wake haukuonekana kwenye picha. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

Alimkuta Shangazi langoni na mfuko wa plastiki wenye viatu vyake vya kazini.

"Shangazi, wallahi sikujua yupo pale."

"Ulituambia tufumbe macho," alisema yule mzee.

"Nilitaka kuwasaidia."

"Najua ulitaka." Shangazi alihamisha mfuko mkono hadi mkono. "Lakini mwanangu, ukimwambia mtu afumbe macho, wewe uliyebaki unaona ndiwe mlinzi wake. Sasa ulikuwa unaangalia wapi?"

Akasubiri jibu, kwa kuwa lilikuwa swali la kweli. Kisha akaenda zake.

Ndani, waliobaki hawakumtukana. Afadhali wangemtukana. Walisogeza viti vyao kidogo, wakaacha kumwazima mkasi, na alipoingia bwaloni mazungumzo yakawa ya hali ya hewa. Wengine walisema kwa sauti ya kusikika kwamba mpango ulikuwa wake na Bwana Faili tangu mwanzo. Vinginevyo kwa nini barua zimempita? Naye asingeweza kuacha. Mshahara wake ndio uliokuwa umebaki kununua dawa.

Mfuko wa wafanyakazi ulijibu baada ya majuma matano. Maombi yamekataliwa. Kumbukumbu za mwajiri hazionyeshi dalili yoyote ya tatizo.

*

Wifi ndiye aliyeyaleta yote nyumbani. Aliyapata bombani kutoka kwa binti wa Shangazi, Jumapili, akaingia na ndoo ikimwagika, na kabla hajaitua akawa anasema: fomu, Ijumaa, mwandiko. Cherehani alikuwa amepiga magoti anamnyoa mumewe ndevu. Hakugeuka. Aliendelea kushika wembe hewani.

"Nenda nje kidogo, dada," alisema Baba Kidosho. Maneno siku hizi aliyatoa kwa mafungu, pumzi katikati. "Mchukue na mtoto."

Wifi akasita, akamshika Kidosho mkono, wakatoka. Nusu ya uso wa mgonjwa ilikuwa na povu.

"Ni kweli?"

"Kweli."

"Uliandika napumua vizuri."

"Niliandika wote."

"Na mimi nimo."

"Na wewe umo." Akauweka wembe chini. "Nilikuwa nakusikia usiku kucha. Asubuhi naenda naandika. Sikuwa nakuongopea, Baba Kidosho, sijui nikuambieje. Ilikuwa kama wale ni watu wengine, hapa nyumbani ni wengine. Nilikuwa nauliza, mnajibu ndiyo, naandika mlichojibu."

Alingoja. Alitaka amsukume, alirushe lile bakuli la maji, aseme lolote la kukata. Baba Kidosho alitazama dirishani, kifua kikipanda na kushuka kama mtu anayepandisha mzigo ghorofani na kurudi kufuata mwingine.

"Mimi kila Ijumaa nilisema ndiyo," alisema mwisho. "Nilikuwa sipumui, na nasema ndiyo. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni wewe uliyekuwa unauliza." Akapumzika. "Umekaa pale mbele. Na beji yako. Nikasema, mtu wangu huyu. Nisimwaibishe."

Cherehani aliweka kichwa chake kwenye magoti ya mumewe. Yeye akamwekea mkono kisogoni, mkono uliokuwa mwepesi kama karatasi, na baada ya muda akamkumbusha kwamba povu linakauka.

Aliishi siku kumi na tisa baada ya hapo. Alifariki Alhamisi saa nne asubuhi, mkewe akiwa kazini, dada yake akiwa amemshikilia aketi wima. Kiwanda kilituma lori la kubeba watu na shada la maua lenye utepe, na Bwana Faili alifika mwenyewe, akasimama nyuma, akaondoka mapema. Mwalimu hakuja, inasemekana alikuwa na semina mahali. Kati ya wale tisa walikuja sita. Shangazi alikuja. Alikaa upande wa wanawake, akalia na wenzake, akampa mfiwa mkono bila kumtazama.

Wageni walipokwisha kutawanyika, Kidosho alimkuta mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda, anakunja mashati ya marehemu. Mtoto akakaa pembeni. Siku ile ya kunyolewa baba yake alikuwa amerudi kusikiliza nyuma ya mlango, wifi akidhani yupo uani.

"Mama."

"Naam."

"Baba alikukasirikia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

Cherehani alilinyoosha shati alilokuwa ameshika, akalinyoosha tena mahali palipokuwa pamekwisha kunyooka.

"Hata kidogo, mwanangu," alisema, na ni hilo lililomliza mpaka wifi akaja kumtenganisha na mashati.